Masta Kwanza

Watu wanaoijua ng'ambo kuliko wote ni wale ambao hawajawahi kufika. Hilo nililigundua asubuhi moja katika ofisi ya walimu, nilipotamka kwamba nataka kuomba kazi ya kufundisha Kiingereza nje ya nchi. Chai ilikuwa haijamiminwa bado. Kabla sijameza mate nilikuwa nimeshauriwa na mwalimu wa hesabu, mwalimu wa michezo na mhasibu aliyekuja kuazima kalamu, na wote walikuwa na wimbo mmoja: masta kwanza.

"Bila masta hawakugusi," alisema mwalimu wa hesabu.

"Jirani wa shemeji yangu alirudishwa uwanja wa ndege," akadakia wa michezo. "Alikuwa na digrii moja tu. Walimtazama, wakamwambia geuza."

"Walimtazama wakajuaje hana masta? Iliandikwa usoni?"

"Wenzetu wana mashine, Madam."

Mhasibu akatikisa kichwa kwa huzuni, kana kwamba mashine hiyo imeshampitia yeye mwenyewe. Kalamu yangu aliondoka nayo.

Mimi nafundisha Kiingereza, na nimekifundisha muda mrefu kiasi kwamba siku hizi naletewa watoto wa wanafunzi wangu wa zamani, wenye makosa yale yale ya wazazi wao. Wanafunzi huniita Mwalimu Pilipili na wanadhani sijui. Nina digrii ya ualimu, nina uzoefu, na nina hasira za karibu, zinazowaka upesi na kuzimika upesi. Nilichokosa ni masta, na safari. Kila mwaka, katika kila darasa jipya, lazima atokee mmoja aniulize, "Mwalimu, wewe huko wanakoongea Kiingereza umeshafika?" Nami humjibu afungue kitabu ukurasa wa kumi na mbili. Nilikuwa nimechoka na ukurasa wa kumi na mbili. Nilitaka kwenda, niseme ukweli, kwa uchu ule ule wa mtoto anayetaka kukaa kiti cha mbele cha gari.

Tangazo lenyewe lilitoka kwa mwenzangu wa meza ya pili, ambaye shule nzima inamwita Bwana Masta. Naye anafundisha Kiingereza. Masta yake aliisoma jioni na wikiendi, kwa jasho, na tangu aipate haiwezi kupita saa bila kuitaja. Ukimwambia mvua inakuja, atakuambia alipokuwa anasoma masta mvua ilimnyeshea sana. Lakini ana roho nzuri, na ndiye aliyenitumia tangazo la shule moja ya ng'ambo inayotafuta walimu wa Kiingereza.

Nililisoma kutoka juu kwenda chini, kisha kutoka chini kwenda juu, kama ninavyowafundisha wanafunzi kusoma swali la mtihani. Digrii. Cheti cha ualimu. Uzoefu darasani. Basi.

"Masta haimo," nikamwambia.

"Haiandikwi," alisema Bwana Masta kwa upole. "Inaeleweka tu. Ni kama mwaliko wa harusi, haukuandikii uvae viatu."

"Sasa kama wewe viatu unavyo, mbona huendi harusini?"

Akacheka, akaanza kutafuta kitu kwenye droo yake. Alikitafuta mpaka kengele ikalia.

Nyumbani naishi na Mama. Au niseme Mama anaishi na mimi, inategemea siku hiyo nani ana funguo. Tuko wawili, ila mdogo wangu wa kiume na mkewe wanakaa mtaa wa pili na hupita karibu kila jioni kuangalia tumepika nini. Mama ni mzima wa afya, ana nguvu za kufua, kulima kibustani chake cha mchicha na kunikemea, na hutumia nyingi zaidi kwenye hilo la tatu. Nilipomweleza habari ya kazi alikuwa anachambua mchele.

"Wanasema niwe na masta," nikamwambia. "Mimi sioni kama ni lazima."

"Hiyo masta inachukua muda gani?"

"Miaka miwili, ukisoma jioni."

Mikono yake ikasimama kidogo juu ya ungo. "Miaka miwili si mingi," akasema. "Soma masta kwanza, mwanangu. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Ukienda na cheti kikubwa, hata hiyo kamba wataifunga kwa adabu."

"Mama, tangazo halisemi masta."

"Haraka haraka haina baraka."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo."

"Basi kunywa maji."

Tangu siku hiyo mama yangu, ambaye hajawahi hata mara moja kuniuliza nafundisha kidato gani, akawa mtaalamu wa elimu ya juu. Alivaa viatu vyake vya kutokea, akaenda mwenyewe chuo cha mjini, akarudi na kipeperushi chenye picha ya vijana wanaocheka wakiwa wamekumbatia vitabu. Alikiweka chini ya sahani yangu. Nilipokihamisha, nikakikuta kwenye mto. Halafu akampigia Mjomba, na Mjomba akanipigia mimi kunihutubia kwamba elimu haina mwisho, na kwamba masta ni jambo la lazima katika dunia ya leo. Alipomaliza akashusha sauti akaniuliza, "Lakini masta ni nini hasa?"

Nilicheka kwenye simu, ila moyoni nilikuwa nimekasirika. Watu wa ofisini wakiniona pungufu, nawajua, nimewazoea. Kilichoniuma ni Mama. Mwanamke aliyenizaa na kunilea naye aliniona sitoshi, mpaka niongezewe karatasi. Kwa hasira hiyo hiyo nikakaa mezani siku ya Jumamosi, nikajaza maombi ya kazi, nikayatuma, ndipo nikamwambia.

Hakugomba. Alisema tu, "Haya, umeshatuma," akaenda kumwagilia mchicha wake, ingawa mvua ilikuwa imenyesha asubuhi.

Jibu lilipokuja lilinikuta ofisini. Shule ile ilitaka kunisaili kwa mtandao, na si maneno matupu: walitaka kuniona nafundisha, moja kwa moja, darasa langu mwenyewe. Niliposoma kwa sauti, ofisi ililipuka. Mwalimu wa michezo alipiga filimbi. Mkuu wa shule, mwanamume mpole anayetembea kama anayeogopa kuiamsha sakafu, alitoka ofisini kwake kuuliza kuna nini, na alipoelezwa akafunga vifungo vya koti.

"Hii ni heshima ya shule nzima," akasema. "Tutaliandaa darasa."

"Hakuna kuandaa, Mkuu. Nitafundisha kama siku nyingine."

"Ndiyo, ndiyo. Kama siku nyingine," akakubali, huku akimtazama Bwana Masta, na Bwana Masta akimtazama yeye. Mtazamo huo niliuona. Ningeutilia maanani, lakini mhasibu alikuwa amekuja kuazima kalamu nyingine.

Siku ya usaili tulichukua darasa la kidato cha pili, lile la mwisho kwenye korido, kwa sababu ndilo lenye dirisha linalokamata mtandao. Kompyuta ya shule tuliiweka juu ya kamusi nne zilizopangwa, ili kamera ilione darasa zima. Dirisha moja tulilifunika kwa kitambaa cha meza kuzuia mwanga. Bwana Masta, ndani ya tai na viatu vilivyong'arishwa, alisimama kwenye dirisha la pili akishika kile kidude cha intaneti juu kidogo ya bega, maana kikishuka tu, picha inaganda. Mkuu alikuwa nje ya mlango akizuia watu wasipite na ndoo.

Kwenye kompyuta akatokea mama wa makamo mwenye miwani yenye mnyororo, ambaye ndiye mkubwa wa idara ya Kiingereza katika shule ile ya ng'ambo, na pembeni yake bwana mmoja kimya aliyekuwa akiandika. Tulisalimiana kwa Kiingereza. Alikuwa na sauti ya mtu aliyefundisha madarasa makubwa. Akaniambia nianze.

Somo lilikuwa la mgonjwa na daktari: namna ya kueleza unaumwa nini, namna ya kumuuliza mtu anaumwa wapi. Nilianza vizuri. Nilikuwa hata nimeanza kulifurahia, mama yule aliponiomba ruhusa ya kuliuliza darasa swali.

"Nani anaweza kumweleza daktari jinsi anavyojisikia?"

Mikono yote ikapaa. Yote, bila kubaki mmoja. Hata mkono wa kijana wa dawati la mbele, ambao tangu mwaka uanze huinuka kwa kuomba ruhusa ya kwenda chooni tu.

Mikono ile niliijua. Shuleni kwetu wakaguzi wanapokuja, darasa hupangwa siku moja kabla: anayejua jibu anyooshe mkono wa kulia, asiyejua anyooshe wa kushoto. Mgeni anaona msitu wa mikono, mwalimu anachagua wa kulia, jibu linatoka safi, na kila mtu anakwenda kunywa soda. Ni mila ya shule kama ilivyo kengele. Wenzangu walikuwa wamelikalisha darasa langu jana yake wakalifundisha mchezo huo, kwa upendo wao wote, bila kuniambia. Walichosahau ni kwamba mkaguzi hukaa nyuma na kumwachia mwalimu achague. Huyu mgeni alikuwa mbele ya darasa, ndani ya kompyuta, na alichagua mwenyewe.

"Yule binti wa karibu na dirisha, tafadhali."

Binti yule wenzake humwita Kimya, na hawakumwonea. Alisimama, mkono wa kushoto ukiwa bado juu, kausahau. Akanitazama mimi. Akamtazama Bwana Masta. Bwana Masta akatazama dari.

"Haya, yule kijana mrefu," akasema mama wa miwani.

Kushoto. Kijana akasimama, akameza mate, akakaa.

"Na yule mwenye sweta?"

Kushoto tena. Siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Nje ya mlango nilimsikia Mkuu akikohoa kikohozi cha mtu anayesali. Kwenye kompyuta yule bwana kimya aliacha kuandika, na hilo lilikuwa baya kuliko kuandika.

Nilimuona Kimya bado amesimama. Macho yalikuwa yamemjaa machozi, naye hakuwa na kosa lolote. Aliambiwa na wakubwa anyooshe mkono, akanyoosha. Hapo pilipili ikanipanda. Kazi niliisahau, ng'ambo niliisahau.

"Shusheni mikono yote!" nikasema. Kisha nikaigeukia kompyuta. "Samahani, mama. Nipe dakika chache, nina darasa la kufundisha."

Nikawaambia walionyoosha wa kushoto wasimame. Wakasimama wengi kuliko waliobaki wamekaa.

"Nani kawafundisha huu mchezo?"

Vichwa vyote vikageuka dirishani.

"Mwalimu," nikamwambia Bwana Masta, "weka hicho kidude hapo dirishani, uje. Wewe ni mgonjwa. Lala juu ya meza yangu."

"Mimi?"

"Kwani kuna nani mwingine? Unaumwa sana. Na husemi unaumwa nini mpaka uulizwe vizuri, kwa Kiingereza."

Nitamsifu kwa hili mpaka nife: hakubisha. Alikiweka kidude dirishani taratibu kama anayeweka yai, akaja, akapanda mezani na tai yake, akalala chali, viatu vyake vinavyong'aa vikining'inia nje. Akaanza kuugua. Aliugua vizuri mno. Darasa likacheka, na kicheko hicho kikawaondolea woga.

Nikatoa sheria. Watakaouliza ni wale wasiojua. Wanaojua watakaa kimya, ila mwenzao akikwama anaweza kuwaomba neno moja, moja tu, nao wampe. Kijana mrefu akamuuliza mgonjwa jina. Mwenye sweta akamuuliza kama anaumwa. "Ndiyo," akajibu mgonjwa. "Sana?" "Sana." Hapo wakaishiwa, wakasimama kuizunguka meza kama watu waliofika msibani wakakuta maiti anaongea.

Nikamwita Kimya. Alikuja polepole, akasimama kichwani pa mgonjwa. Nikangoja. Kungoja ndiyo kazi ngumu kuliko zote katika ualimu, na mimi kwa hasira zangu nimejifunza kwa shida.

"Wapi?" akasema kwa Kiingereza, kwa sauti ndogo.

Mgonjwa akaugua tu.

"Neno zuri hilo," nikamwambia. "Lakini liko peke yake. Mletee mwenzake."

Akafikiri. Akamgeukia msichana wa dawati la pili, akamwomba neno moja, akapewa. Akajaribu, akalikosea, akarudia. Akajaribu tena mpaka swali likasimama lenyewe, zima, kwa Kiingereza chake: unaumwa wapi?

"Mgongo," akajibu Bwana Masta, papo hapo. "Mgongo wangu unaniua."

"Kwa nini?" Hilo halikutoka kwangu wala kwa mwenzake yeyote. Lilimtoka Kimya mwenyewe.

"Nimebeba vyeti," akasema Bwana Masta, akiwa amefumba macho. "Vyeti vizito. Kwa muda mrefu."

Darasa likaangua kicheko kikasikika mpaka uwanjani. Kimya hakucheka. Alikuwa daktari. Alikunja uso, akatafuta maneno moja moja kama anayetafuta sindano sakafuni, kisha akatoa dawa: aviweke chini hivyo vyeti, anywe maji, alale.

Baada ya hapo hawakuzuilika. Waliuliza wote, mpaka wasioruhusiwa. Kijana wa dawati la mbele akapenya katikati ya wenzake akamuuliza mgonjwa, kwa Kiingereza safi kisicho na doa, kama angependa kwenda chooni. Ni sentensi pekee aliyowahi kuijua kikamilifu, na hatimaye alikuwa ameipatia kazi. Kwenye kompyuta mama wa miwani alikuwa amevua miwani, akijifuta macho kwa upande wa mkono.

Kengele ilipolia wanafunzi wakatoka. Nikabaki mbele ya kamera, chaki mikononi mpaka kwenye viwiko, nikijua kilichobaki ni kuaga.

"Mwalimu," akasema yule mama, "ile mikono."

Nikamwambia ukweli. Nikamwambia ni mila ya shule, kwamba wenzangu walitaka kunisaidia, na kwamba nimeona aibu.

"Kwetu ilikuwa kiganja na ngumi," akasema.

"Nini?"

"Nilipoanza kazi. Mkaguzi akija, anayejua ananyoosha kiganja wazi, asiyejua anakunja ngumi. Nilipoona mikono ya kwako imepaa pande mbili, nikajua. Binti wa kwanza alipokwama nikajua na upande, ndiyo maana nikaendelea kuchagua ya kushoto tu." Akavaa miwani yake. "Wanaojua, hata redio itawafundisha. Nilitaka kuona unawafanyia nini wasiojua."

Nilikaa kitini bila kuambiwa. Kisha, kwa kuwa kuuliza si ujinga na nilikuwa nimeshafika mbali, nikauliza.

"Mimi sina masta. Kila mtu ananiambia siwezi kwenda bila masta."

Akamtazama bwana kimya, wakatazamana kama watu wanaolisikia swali hilo kila msimu. "Kuna wanaoidai," akasema. "Vyuo vikuu vingi vinaidai, na kila nchi ina taratibu zake, uliza kila unakoomba. Hapa kwetu ukiwa nayo, tunashukuru, inakusogeza daraja. Ukiwa huna, tunataka tulichokiandika kwenye tangazo. Ulilisoma?"

"Juu chini na chini juu."

"Basi," akasema.

Nilipotoka nilimkuta Mkuu ameegemea ukuta, ananiomba msamaha kwa macho. Nilimsamehe kwa kumwambia asirudie, akasema hatarudia, na sote wawili tulijua wakaguzi wanakuja mwezi ujao. Ofisini Bwana Masta alikuwa peke yake, mgongo mzima wa shati umejaa vumbi la chaki. Nikamkung'uta.

"Umeniharibia, halafu umeniokoa," nikamwambia. "Sijui nianze na kipi."

"Anza na chai."

Nikammiminia. Akaizungusha zungusha kikombeni. "Wewe uliniuliza mbona siendi harusini," akasema. "Nikajifanya natafuta kitu. Ngoja nikujibu sasa. Wewe wakikukataa, utasema ni masta. Mimi wakinikataa nitasema nini?"

Nilimuonea huruma, na nikampenda kidogo zaidi ya jana yake. "Tangazo bado lipo," nikamwambia. "Na wewe kuugua unajua." Akacheka mpaka chai ikamwagikia tai.

Wiki iliyofuata jibu likaja. Wamenichukua. Niliisoma barua pepe ile nikiwa nimesimama katikati ya njia, watu wananipita wananiangalia, na nikaenda nyumbani nikitembea kama mtu anayechelewa kitu.

Mama alikuwa uani anaanika nguo. Nikamwambia.

Akaendelea kuanika. "Na masta?" akauliza, kibanio cha nguo kikiwa mdomoni.

"Hawaitaki."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, Mama."

Akalibana shati moja mabegani. Akalibandua, akalibana tena. "Labda uwaulize vizuri."

Hapo nikalipuka. Furaha yote niliyokuja nayo ikageuka moto. "Nimewauliza! Wamenikubali wao, watu wa mbali, wameniona mara moja tu. Wewe umeniona maisha yangu yote na bado hutaki kuamini natosha. Masta, masta, kila siku masta! Kwani mimi nimepungua nini?"

Mama akatoa kibanio mdomoni. Alinitazama kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyesingiziwa kuiba kuku wa jirani.

"Nani kasema hutoshi?"

"Wewe!"

"Mimi masta yenyewe hata siijui," akasema. "Nilikuuliza inachukua muda gani, ukasema miaka miwili. Nikaipenda."

Sikuelewa. Kisha nikaelewa, nikakaa juu ya beseni lililofunikwa kifudifudi, na machozi yakanitoka bila kupiga hodi. Alikuwa amevaa viatu vya kutokea akaenda mpaka chuoni, kunitafutia miaka miwili zaidi ya kukaa naye.

"Basi nitawaambia siendi," nikasema.

"Thubutu!" Alinigeukia na shati bichi mkononi, na nikaona wazi hasira zangu nilizirithi wapi. "Thubutu uniaibishe! Mtaa mzima nimeshawaambia unakwenda."

"Umewaambia saa ngapi? Jibu limekuja leo."

"Niliwaambia siku ile ile ulipotuma. Nilijua watakuchukua. Ningekuwa sijui, ningehangaika na vipeperushi vya nini?"

Akaliacha shati kwenye ndoo, akajifuta mikono kwenye kanga, akavuta kigoda akakaa kando yangu, bega kwa bega. Alinukia sabuni. Akanipiga kofi dogo la goti.

"Toa hiyo simu. Wajibu sasa hivi, nikiona."

Nikaitoa, nikaanza kuandika. Alikuwa ameinamia kioo kana kwamba Kiingereza kinasomeka ukikikaribia.

"Umeandika nini hapo?"

"Nimeandika nimekubali."

"Kwa furaha?"

"Kwa furaha."

"Punguza kidogo, wasidhani ulikuwa unawangoja mlangoni." Nikapunguza. "Na uwaambie mama yako anawasalimu."

"Mama, hii ni barua ya kazi."

"Na mimi ni mama wa nani?"

Nikaiandika salamu yake. Akataka nimsomee yote kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili, na nilipofika kwenye salamu akaniambia nirudie hapo tu. Nikarudia. Halafu akaniuliza cha kutuma ni kipi, nikamwonyesha, naye akakibonyeza mwenyewe kwa kidole chake kilichokunjamana kwa kufua.